Uyoga wa Porini na Nguvu Yake juu ya Vijidudu vya Maradhi

Mvua zikisha kuuloweka udongo mwekundu wa Sosiot, na kumbikumbi wakisha kuruka, hazipiti siku nyingi kabla ya uyoga kuchomoza katika vichuguu vilivyo kando ya mashamba ya chai na katika malisho ya ng'ombe. Aghalabu watoto ndio wauonao kwanza, nao huurudisha nyumbani umefungwa katika majani ili usivunjike. Furaha hiyo si ya nchi ya Kericho peke yake. Waluhya huuita obwoba, Wajaluo obuolo, Wakikuyu makunu. Na huko Buganda uko ukoo mzima uitwao Butiko, yaani uyoga, ambao watu wake hawauli kabisa kwa kuwa ndio mwiko wa ukoo wao.

Pamoja na sifa ya utamu, uyoga umepewa sifa ya pili, nayo ni kwamba ni dawa. Wako wasemao kwamba huponya vidonda, na wako wasemao kwamba mchuzi wake hukomesha kuhara. Siku hizi unga wa uyoga huuzwa hata katika pakiti na vidonge, pamoja na karatasi yenye maneno makubwa kuliko pakiti yenyewe. Je, sifa hii ni ya kweli? Ni ya kweli nusu, na mzazi asiyejua nusu hiyo inakomea wapi aweza kumpoteza mtoto ambaye angepona.

Kwanza yafaa kufahamu uyoga ni kitu gani. Kile kinachochumwa na kutiwa chunguni si mmea mzima, bali ni kama tunda tu. Mwenye tunda hilo amejificha chini ya udongo au ndani ya gogo, naye ni utando wa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa na kunyonya chakula katika vitu vilivyooza. Uyoga hauna majani ya kijani, wala hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mche wa chai ufanyavyo. Kwa hiyo hula vilivyokwisha kutengenezwa na wengine. Ukungu unaoota juu ya mkate uliolala ni ndugu yake.

Sasa, mahali penye vitu vilivyooza hapana mlaji mmoja. Katika kijiko kimoja cha udongo wa shambani mna vijidudu viitwavyo bakteria kwa mamilioni, navyo vyote vinakitaka chakula kile kile. Nyuzi za uyoga hazina meno wala miguu ya kukimbilia. Silaha zao ni maji maji wanayoyatoa, ambayo mengine huua bakteria na mengine huwazuia wasizaane. Hii ndiyo asili ya nguvu ya uyoga juu ya vijidudu. Haikuwekwa humo kwa ajili ya binadamu. Ni silaha ya vita vya chini ya ardhi, na binadamu ameiokota tu.

Vita hivyo vyaweza kuonekana vizuri sana katika kichuguu. Uyoga wa vichuguuni ni wa jamii iitwayo na wataalamu Termitomyces, na maisha yake yamefungamana na ya mchwa. Mchwa hukata majani makavu na vijiti, huvila, kisha kwa mavi yao hujenga ndani ya kichuguu kitu kinachofanana na sega la nyuki. Juu ya sega hilo nyuzi za uyoga huota na kulainisha miti ile migumu, na mchwa huja baadaye kula nyuzi na sega lililolainika. Yaani mchwa ni wakulima, na uyoga ndio zao lao. Wataalamu waliolinganisha ukoo wa mchwa na ukoo wa uyoga wameona kwamba kilimo hiki kilianza katika misitu ya Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, zamani sana kabla binadamu hajashika jembe. Mvua ikipenya, uyoga hupeleka shina refu kama mzizi kutoka kwenye sega hadi juu ya ardhi na kufunua kofia yake. Aina moja iliyoko Zambia, Termitomyces titanicus, kofia yake yaweza kufika upana wa mita moja.

Shamba hili la mchwa ni safi ajabu, hali limo ndani ya udongo uliojaa vijidudu na kuvu za kila namna. Lakini usafi huo si kazi ya uyoga peke yake. Mchwa wakiondolewa, katika muda wa siku chache sega hufunikwa na kuvu nyingine iliyokuwa imejificha ikingoja. Mchwa hupalilia, na uyoga husaidia. Mmoja akikosekana, shamba limekwisha.

Hata jikoni upo ushahidi ambao kila mama ameuona bila kuutilia maanani. Kikapu cha uyoga kikisahauliwa pembeni hadi siku ya pili au ya tatu, uyoga huwa mweusi, hutoa maji na kunuka. Ni nani aliyeuozesha? Ni wale wale bakteria. Kama nguvu ya uyoga ingekuwa kubwa kama inavyosifiwa, uyoga wenyewe usingeoza. Nguvu ipo, lakini ni kidogo, na ni juu ya baadhi ya vijidudu tu, si vyote.

Watu wa Sosiot hawahitaji kufundishwa kwamba vitu vya porini vyaweza kuzuia uharibifu. Neno sosiot lenyewe kwa Kikipsigis ni jina la brashi ya mkindu inayosafishia kibuyu cha maziwa, na ndani ya kibuyu hicho hupakwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa ya mursik. Desturi hiyo hutunza maziwa. Hata hivyo hakuna mzee aliyepata kusema kwamba mgonjwa wa homa ya mapafu alishwe mkaa. Kutunza kitu ndani ya kibuyu ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo jingine, na kati ya mambo hayo mawili kuna kitu kinachoitwa kipimo.

Habari za kipimo zilijulikana kwa uchungu huko Uingereza. Mwaka 1928 Dakta Alexander Fleming, katika hospitali ya St Mary's mjini London, aliona kwamba ukungu ulioangukia sahani yake ya kuoteshea vijidudu umewaua bakteria waliokuwa karibu nao. Maji ya ukungu huo aliyaita penisilini. Lakini ukungu kwenye sahani haukuwa dawa bado. Kazi ya kuuchuja na kuusafisha ilifanywa zaidi ya miaka kumi baadaye na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao mjini Oxford. Februari mwaka 1941 walimpa dawa hiyo askari polisi mmoja, Albert Alexander, ambaye sumu ya kidonda cha usoni ilikuwa imeenea mwilini mwake. Katika siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Ndipo dawa ikaisha. Wataalamu walikusanya hata mkojo wake ili waitoe humo penisilini iliyopita na kumrudishia, lakini haikutosha, na katikati ya Machi alikufa. Dawa ilikuwa ni ya kweli, na ugonjwa ulikuwa ndio wenyewe. Kilichopungua ni kipimo tu. Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, baada ya dawa yao kuanza kutengenezwa kwa mapipa.

Ikiwa ndugu yake ukungu alitoa dawa kubwa namna hiyo, je, uyoga wenyewe, ule wenye kofia na shina, umetoa nini? Umetoa moja iliyo mashuhuri, ingawa watu wachache wanaijua. Mwaka 1951 wachunguzi wa New York nchini Marekani walitangaza kwamba katika uyoga mdogo wa jamii iitwayo leo Clitopilus wamepata kitu chenye kuua bakteria wa usaha na wengineo. Kitu hicho kiliitwa pleuromutilini. Ndugu mmoja wa uyoga huo, Clitopilus prunulus, huliwa sana na watu wa Ulaya.

Njia ya kutoka kwenye uyoga ule hadi kwenye chupa ya dawa ilikuwa ndefu kupita kiasi. Wataalamu waliibadilisha pleuromutilini kidogo kidogo ili idumu zaidi mwilini, na kwanza ikatumiwa kwa nguruwe na kuku, kwa jina la tiamulini, tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 iliidhinishwa dawa ya kupaka juu ya ngozi ya binadamu, retapamulini. Na mwaka 2019 serikali ya Marekani iliidhinisha lefamulini, ambayo humezwa au huingizwa katika mshipa, kwa wagonjwa wa homa ya mapafu. Miaka 68 tangu uyoga hadi kidonge! Dawa hizi hufanya kazi kwa kuziba kile kiwanda kidogo ndani ya bakteria kinachounda protini, hata bakteria asiweze kukua. Kiwanda cha namna hiyo kilichomo katika mwili wa binadamu kina umbo tofauti, kwa hiyo hakizibwi.

Dawa kama hizi zinatafutwa kwa bidii kwa sababu vijidudu vinazizoea zile za zamani. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 1 wa 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizo ambayo dawa hazikuyaweza tena. Mojawapo ya sababu za usugu huo ni kutumia dawa nusu nusu, ambapo vijidudu dhaifu hufa na vile vikali hubaki na kuzaana.

Hapa Kenya pia uyoga umepimwa. Katika mwaka 2017 zilichapishwa habari za uchunguzi juu ya uyoga na kuvu za miti kutoka eneo la chuo cha Egerton, Njoro. Mwaka 2019 zikafuata habari za uyoga wa porini uliochumwa katika msitu wa Kakamega, wa jamii ya Termitomyces na ya Auricularia, ule unaoota juu ya magogo ukiwa na umbo la sikio. Kazi yenyewe hufanywa hivi. Uyoga hukaushwa na kusagwa, kisha unga huloweshwa katika spiriti, au katika maji moto, au katika kemikali nyingine, ili kila kioevu kitoe kile kinachoweza kukitoa. Kinachobaki baada ya kukausha kioevu huwekwa katika sahani ya kioo iliyooteshwa bakteria. Ikiwa kina nguvu, huonekana duara safi lisilo na bakteria, na upana wa duara hupimwa kwa rula. Uyoga wa Kakamega ulionyesha nguvu juu ya bakteria na kuvu kadha zenye kuwaletea watu maradhi.

Basi mtu akisikia habari hizo aweza kuruka na kusema, "Imethibitishwa!" Kilichothibitishwa ni duara katika sahani. Dawa ya hospitali huzuia bakteria kwa kiasi cha sehemu chache za milioni za gramu katika mililita moja. Maji ya uyoga yasiyosafishwa aghalabu yahitaji kiasi kilicho mara mia, pengine mara elfu, zaidi ya hicho. Tena ile sahani haina tumbo. Uyoga ulioliwa hupikwa, huchanganyika na ugali, hupita katika maji makali ya tumboni, na kidogo kinachofika katika damu hugawanywa mwili mzima. Hata huko Japani, ambako tangu mwaka 1985 hospitali zilianza kutumia lentinani, dawa itokayo katika uyoga wa shiitake, ili kuusaidia mwili wa mgonjwa wa saratani ya tumbo, hawakumwambia mgonjwa ale shiitake kwa wingi. Walikitoa kile kitu ndani ya uyoga, wakakisafisha, wakakitia kwa sindano, pamoja na dawa nyingine za saratani.

Chukua mfano wa mtoto aliyechomwa mguuni na kisiki cha mchai uliopogolewa. Siku ya tatu mguu umevimba, una joto, na mstari mwekundu unapanda kuelekea gotini. Bibi yake, kwa mapenzi yake yote, aweza kusaga uyoga mkavu na kuufunga juu ya kidonda. Lakini bakteria wamekwisha kupita chini ya ngozi mahali ambapo unga huo haufiki, na unga wenyewe waweza kuwa na vijidudu vingine vya udongoni, pamoja na vile vya pepopunda. Mtoto huyo yampasa kufikishwa zahanati siku ile ile, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni njiani au kabla ya kuondoka, na kadi yake ya chanjo ichukuliwe. Hali kadhalika mtoto anayehara. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo hakuletwi na bakteria hata kidogo bali na virusi, na juu ya virusi hivyo silaha za uyoga dhidi ya bakteria hazina kazi. Kinachomuua mtoto ni kukaukiwa na maji, na dawa yake ni maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, yaani ORS, pamoja na zinki kutoka zahanati.

Kwa mkulima wa chai liko jambo jingine la kustaajabisha. Adui mmojawapo mkubwa wa chai ya Kenya ni uyoga, nao ni Armillaria. Kuvu hii hukaa katika visiki na mizizi ya miti ya msitu wa zamani, kisha huhamia katika mizizi ya michai iliyogusana nayo. Mchai hugeuka rangi ya manjano, hunyauka, hufa. Na ukibanduliwa gome karibu na shina huonekana utando mweupe wenye harufu kali ya uyoga. Lakini katika jamii hiyo hiyo ya Armillaria wataalamu wamepata, tangu miaka ya 1980, vitu viitwavyo melleolidi, ambavyo baadhi yake huua bakteria. Muuaji wa chai anayo ghala ya silaha, na huenda siku moja mojawapo ikamfaa binadamu. Ulaya uyoga wake huliwa ukiisha kuchemshwa vizuri, ingawa huwasumbua baadhi ya watu tumboni.

Anayeikuta Armillaria shambani asingoje dawa itoke humo. Mchai uliokufa ung'olewe pamoja na mizizi yake yote, hata ile myembamba kama penseli, na vyote vikaushwe na kuchomwa moto. Na anayetaka kupanda chai palipo na miti, aibandue miti hiyo gome kwa kuizunguka mapema kabla ya kuikata, ili wanga uliomo katika mizizi uishe na kuvu ikose chakula. Maarifa hayo yalipatikana Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo, katika miaka ya 1930.

Ikiwa mchuzi wa uyoga hauponyi kidonda, je, hauna faida? Faida anayo mlaji, lakini ni faida ya chakula. Katika uyoga mbichi sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Uliobaki una protini nzuri, vitamini za jamii ya B, na madini. Uyoga ukianikwa juani, matamvua yakielekea juu, kitu kilichomo ndani yake hugeuka kuwa vitamini D, ambayo huimarisha mifupa. Uyoga mkavu hukaa miezi mingi ukihifadhiwa katika chombo kilichofungwa vizuri. Usichumwe kando ya barabara kuu wala karibu na shamba lililonyunyiziwa dawa, kwa sababu uyoga hunyonya risasi na sumu nyingine kutoka udongoni kwa urahisi.

Limebaki jambo la sumu. Uko uyoga ambao hauna dalili yoyote ya ubaya katika ladha wala harufu, na watu wamejitungia majaribio mengi ya kuutambua: sarafu ya fedha itageuka nyeusi, kitunguu kitabadilika rangi, mdudu hataugusa. Majaribio hayo yote ni ya uongo. Konokono hula bila kudhurika uyoga unaomuua mtu. Mmoja unaowadanganya wengi ni ule mkubwa mweupe unaoota majanini, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete katika shina, ambao matamvua yake yakikomaa huwa na rangi ya kijani kibichi. Huo hutapisha vibaya baada ya saa moja hadi tatu. Uyoga wa kichuguuni ukichimbuliwa taratibu huonekana una shina linaloshuka kama mzizi mrefu kuelekea kwenye sega la mchwa. Lakini hata dalili hiyo isimtoshe mtu asiyefundishwa na wazee wenye kuujua.

Sumu mbaya kupita zote, iliyomo katika baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, haiharibiwi kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Tena ina hila. Mlaji hukaa saa sita hadi kumi na mbili, pengine hata siku nzima, bila kuona lolote. Kisha hutapika na kuhara sana. Siku ya pili hupata nafuu, na jamaa zake hushukuru. Kumbe wakati huo ini linaharibika, na siku ya tatu au ya nne hali huwa mbaya kabisa. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga akaanza kutapika baada ya saa nyingi apelekwe hospitali mara moja, hata kama ameanza kujisikia vizuri, na wote waliokula pamoja naye wapelekwe pia. Mabaki ya uyoga, yawe mabichi au yaliyopikwa, yafungwe katika karatasi na kupelekwa pamoja na mgonjwa, na daktari aambiwe saa uliyoliwa na mahali ulipochumwa.